Maua ya Makrame: Vipande Visitupwe

Binti akimaliza kufunga pambo lake la ukutani, kazi yake ya mwisho ni kushika mkasi na kusawazisha matamvua. Vipande vya kamba vyaanguka sakafuni, vingine urefu wa kidole, vingine urefu wa upana wa kiganja. Kisha ufagio hupita, navyo vyaenda jalalani. Leo, wasomaji wapenzi, twataka kusema na akina mama na mabinti wa Likasi, na wa miji mingine pia, juu ya vipande hivyo. Maana ndani yake mna maua; na katika maua hayo mna faida kwa nyumba, ikiwa mwenye kuyatengeneza anajua kupima na kuhesabu.

MAKRAME NI KAZI GANI?

Makrame ni kazi ya kufunga kamba mafundo, moja baada ya jingine, hata yatokee mapambo. Haihitaji sindano wala mashine. Vidole ndiyo mashine yake. Kwa kazi hii watu hutengeneza mapambo ya ukutani, mikoba, mikanda, na vibebeo vya kuning'iniza vyungu vya maua barazani.

Neno lenyewe latokana na Kiarabu, miqrama. Wenye kuandika habari za kazi hii husimulia kwamba zamani, yapata karne ya 13, wafumaji wa Kiarabu walipokwisha kufuma kitambaa waliona nyuzi zimebaki zikining'inia pembeni. Hawakuzikata wakazitupa, bali walizifunga mafundo mazuri, zikawa matamvua ya kupendeza. Basi tangu mwanzo makrame ilikuwa kazi ya kutumia kilichobaki. Kutoka kwa Waarabu ilifika Hispania, ikaenda Italia, na mabaharia wakaichukua katika merikebu zao kuwa kazi ya kupitishia saa ndefu za safari. Mji wa Chiavari, karibu na Genova, hata leo unasifika kwa taulo zenye matamvua ya makrame. Na mjini Torino, mwanzoni mwa karne ya 20, Valentina Cavandoli, aliyeongoza makao ya watoto yaitwayo Casa del Sole, aliwafundisha watoto hao kufunga mafundo kwa rangi mbili. Hata leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake.

Lakini tusidhani kwamba fundo ni mgeni kwetu. Wavuvi wa ziwa Tshangalele, si mbali na Likasi, waishi kwa fundo, kwani wavu ni nini ila mafundo mengi yaliyo sawasawa? Na kule Kasai, wanawake wa Kikuba tangu zamani hutia nyuzi za rafia katika kitambaa, kisha huzikata fupi fupi hata kitambaa kikawa laini kama mahameli. Mikono yetu imezoea nyuzi. Kilicho kipya ni jina tu.

KAZI YA MIKONO KATIKA MJI WA SHABA

Likasi, ambao wakati wa Wabelgiji uliitwa Jadotville, ni mji uliojengwa na shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kwa miaka mingi mshahara wa baba mchimbaji au baba wa kiwandani ndio uliolisha nyumba. Siku zile wanawake waliitwa katika foaye, yaani nyumba za mafunzo, wakafundishwa kushona, kusuka nyuzi za sufu, kupika na kutunza nyumba. Wengi waliyahesabu mafunzo hayo kuwa mapambo ya maisha tu: kitambaa cha meza kwa siku ya Pasaka, kofia ya mtoto mchanga, na basi.

Halafu nyakati ziligeuka. Mwaka 1967 mali ya kampuni ile ilichukuliwa na serikali, nayo kampuni mpya baadaye ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka; kufika mwaka 1994 haikutoa hata 50,000. Mishahara ilichelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Katika nyumba nyingi za Katanga, ni mama aliyetafuta chakula cha siku: huyu akauza sokoni, huyu akalima, huyu akashona. Yale yaliyodhaniwa kuwa mapambo ya maisha yakawa maisha yenyewe.

Twayasema haya si kwa kumlaumu mtu, bali binti wa leo asiidharau kazi ndogo. Ua la kamba ni kitu kidogo. Lakini ajuaye kulitengeneza vizuri ana kitu ambacho hakuna awezaye kumwachisha.

TUFANYE UA LA KWETU

Wengi wakisikia ua hufikiri waridi, kwa kuwa ndilo walilolionea vitabuni. Je, Katanga haina maua yake? Katika vilima vyenye shaba humea mmea mmoja, jamaa ya mrihani, wenye maua madogo ya rangi ya zambarau. Wataalamu wa mimea wauita Haumaniastrum katangense, na wengine huuita ua la shaba. Mimea mingi hufa katika udongo wenye shaba nyingi. Huu hustawi hapo. Umependa hata mahali ambapo wahenga wetu waliyeyusha shaba, na wachunguzi wa mambo ya kale huufuata ili waone tanuri zilikuwa wapi. Ndugu yake mwingine, ajulikanaye kwa jina la Becium homblei, aliwasaidia watafuta shaba kule Zambia.

Basi ukichagua rangi, fikiri habari za nchi yako. Zambarau ya ua la shaba. Kijani cha malakiti, jiwe letu zuri. Wekundu wa majani machanga ya miti ya porini kabla ya mvua za kwanza. Pambo lenye rangi hizo mgeni ataliona na kuuliza limetoka wapi.

VIFAA

Utahitaji kamba ya pamba yenye unene wa milimeta 3, iliyosokotwa na si ya kusukwa, kwa sababu iliyosokotwa hufumuka na kuchanika vizuri. Kamba ya nailoni haifai kwa ua hili. Tafuta tena mkasi mkali, kitana chenye meno ya karibu, pini chache, ubao au mto mgumu wa kuchomekea pini, na uzi imara wa kushonea. Mkasi butu usiutumie; hutafuna kamba, na ukingo wa ua huonekana kama umeliwa na panya.

Kwa ua moja lenye petali tano, yaani majani matano ya ua, na majani mawili ya kijani, kata hivi:

Kwa petali: kamba 5 za sentimeta 20, ambazo zitakuwa uti, na vipande 40 vya sentimeta 8.

Kwa moyo wa ua: kamba 1 ya sentimeta 40 na kamba 1 ya sentimeta 70.

Kwa majani ya kijani: kamba 2 za sentimeta 30, na vipande 24 vya sentimeta 10.

Jumla yake ni meta 8 na sentimeta 30. Andika hesabu hii katika daftari, maana tutairudia.

PETALI

Kunja uti wa sentimeta 20 katikati, uulaze mezani, kitanzi kikiwa juu. Chukua kipande cha sentimeta 8, ukikunje, ukipitishe chini ya uti, kitanzi chake kikitokea kulia na ncha zake zikibaki kushoto. Chukua kipande cha pili, ukikunje, upenyeze kitanzi chake katika kitanzi cha kile cha kwanza kutoka chini kwenda juu, kisha ukilaze juu ya uti kuelekea kushoto. Sasa zile ncha za kushoto za kipande cha kwanza zipitishe katika kitanzi hicho cha pili. Vuta pande zote mbili kwa nguvu zilizo sawa. Umepata fundo moja, nalo limekumbatia uti.

Lisukume fundo hilo juu, ukiacha kitanzi kidogo tu cha kupita ncha ya kalamu. Fundo linalofuata lianze kwa upande mwingine, yaani kitanzi cha kwanza kitokee kushoto. Hivyo petali haitapinda. Funga mafundo manne kwa jumla, yakibanana. Hapo umetumia vipande 8.

Sasa fumua ncha za kamba kwa vidole, kisha zichane kwa kitana, ukianzia nje na kurudi polepole kwenye uti. Zichane na ncha za uti vile vile, maana ndizo zitakazokuwa ncha ya petali. Mwanafunzi mwenye haraka huchana kwa kuanzia ndani. Nyuzi hung'oka, na petali hubaki na kipara. Usikate umbo bado. Tengeneza kwanza petali zote tano.

WANGA WA MUHOGO

Nyuzi zilizochanwa hulegea na kuanguka, hasa ua likitundikwa. Dawa yake iko jikoni. Koroga kijiko kimoja cha wanga wa muhogo katika nusu kikombe cha maji baridi. Umimine katika kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka, ukikoroga hata uwe mwangavu. Uache upoe. Laza petali kifudifudi juu ya karatasi ya plastiki, upake wanga mwepesi mgongoni kwa brashi au kwa kidole, uzielekeze nyuzi zote nje, kisha uache zikauke kabisa kivulini.

Wanga mzito haufai, kwa kuwa hugeuka unga mweupe juu ya rangi, tena huwaita mende. Wakati wa masika, angalia vitu vimekauka kweli kabla ya kuviweka sandukuni, la sivyo vitaota ukungu.

Zikisha kukauka, kata umbo. Chora petali moja juu ya karatasi ngumu, nyembamba kwenye kitanzi, pana katikati, na yenye ncha mwishoni. Karatasi hiyo iwe kipimo cha petali zote. Usitumainie jicho lako. Jicho husamehe mara ya kwanza, na mara ya tano petali imekuwa nusu ya ile ya kwanza.

MOYO WA UA

Hapa lazima ujue fundo bapa, ambalo ni mama wa mafundo ya makrame. Kunja kamba ya sentimeta 40 katikati, uichomeke pini kwenye kitanzi; hizo ndizo nyuzi mbili za kati, nazo hazifanyi kazi ila kungoja. Kamba ya sentimeta 70 ipitishe nyuma yake, ncha moja iwe kushoto na nyingine kulia. Uzi wa kushoto upite juu ya nyuzi za kati na chini ya uzi wa kulia. Uzi wa kulia upite nyuma ya nyuzi za kati na kutokea mbele katika tundu la kushoto. Kaza. Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni vile vile, lakini huanza kwa uzi wa kulia. Ukisahau, ukaanza kila mara kwa upande mmoja, mafundo yatajisokota kama ngazi ya mzunguko. Hilo nalo ni pambo, lakini silo tunalolitaka leo.

Funga mafundo bapa manne, moja chini ya jingine. Kisha zishike zile nyuzi mbili za kati, uzikunje juu kwa mbele, uzipenyeze katika kitanzi kilicho juu ya fundo la kwanza, zitokee nyuma. Vuta chini. Utaona mnyororo wa mafundo ukijikunja, ukawa mviringo kama tunda dogo. Ufungie kwa fundo bapa moja chini yake ili usifunguke.

Mwenye ushanga wa malakiti aweza kuutumia badala ya moyo huu. Ununue uliokwisha kutobolewa. Kulitoboa jiwe hilo nyumbani ni hatari, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu.

KUUNGANISHA

Pitisha uzi imara wa kushonea katika vitanzi vya petali zote tano kama unavyotunga ushanga, uvute, na petali zitakutana katika duara. Funga mara mbili. Tia ncha za moyo katika tundu la kati, ziende nyuma, uzifunge kwa uzi huo huo. Majani ya kijani hufanywa kama petali, ila uti wake ni wa sentimeta 30, nayo mafundo ni sita. Yashone nyuma ya ua, moja kila upande.

Wengine hupenda kuongeza kikonyo cha waya mwembamba wa shaba, ambao wafaa sana mji wetu. Lakini uununue dukani. Waya uliochunwa katika nyaya za umeme, usijue umetoka wapi, usiupokee hata kwa bei rahisi. Mahali nyaya zinapokatwa, mtaa mzima hukaa gizani na pampu ya maji husimama. Pambo la nyumba yako lisiwe giza la nyumba ya mwenzako.

Kuhusu mahali pa kuliweka ua, shauri letu ni fupi. Ua moja, au matatu, yatosha. Mengi hufanya pambo lionekane duka la nguo. Liweke pembeni kidogo, mahali mafundo yanapoanza kutelemka kutoka kwenye fimbo, wala lisifunike mafundo mazuri uliyoyafanyia kazi siku nzima. Lifunge kwa ncha za moyo wake, usiligandishe kwa gundi. Pambo litaingia vumbi, na siku ya kulifua utalifungua ua na kulirudisha.

TURUDI KWENYE DAFTARI

Sasa tuhesabu. Bunda la kamba lenye meta 100 latoa maua 12, nayo yabaki sentimeta 40. Tuseme, kwa mfano tu, bunda hilo limenunuliwa faranga 20,000. Basi meta moja ni faranga 200, na kamba ya ua moja ni faranga 1,660. Ongeza faranga 300 za uzi, wanga na rangi: jumla 1,960. Mama akiuza ua hilo faranga 2,200, atafurahi kwamba ameuza. Lakini kilichobaki mkononi ni faranga 240, naye amekaa saa mbili akifunga na kuchana. Huyo hakuuza ua; ameuza kamba, na kazi yake ameitoa bure.

Wengi huanguka hapa. Mikono yao ni hodari, ila hawaandiki. Baada ya miezi mitatu fedha ya kamba imekwisha, nao husema kazi ya mikono haina faida.

Tazama tena orodha ya vifaa. Vipande 40 vya petali ni meta 3 na sentimeta 20. Vipande 24 vya majani ni meta 2 na sentimeta 40. Pamoja ni meta 5 na sentimeta 60, nao urefu wa kila kipande ni sentimeta 8 au 10. Je, si urefu ule ule wa vipande vilivyoanguka sakafuni uliposawazisha matamvua? Vipande hivyo vimekwisha kulipwa katika bei ya pambo kubwa. Mwenye kuvikusanya atahitaji kamba mpya meta 2 na sentimeta 70 tu, yaani faranga 540 katika mfano wetu. Ongeza zile 300, jumla ni 840. Kwa bei ile ile ya 2,200, sasa zimebaki faranga 1,360. Ua ni lile lile, saa ni zile zile; tofauti yote ilikuwa katika ufagio.

Kwa hiyo weka mifuko miwili karibu na kazi yako. Katika mmoja tia vipande vya sentimeta 8, na katika wa pili vya sentimeta 10, kila rangi peke yake. Vilivyo vifupi zaidi vijazie mto. Usikope fedha ili ununue kamba nyingi kabla ya kupata wanunuzi. Anza kwa mapambo machache, na maua yake yafuate. Tena mteja akikuuliza bei, usione haya kutaja saa zako. Fundi seremala hutaja zake.

Na ninyi wasichana mlio shuleni, fanyeni ua moja kwanza. Petali ya kwanza itakuwa mbaya, na ya pili pia. Msizitupe, zichaneni tena, mzikate upya. Akina baba nao wasicheke wakiona mifuko ya vipande nyuma ya mlango. Katika mji wetu wengi waliwahi kuona mshahara ukikoma, na mkono wa mama uliojua kazi ukabaki. Wahenga walisema akiba haiozi; kamba ya pamba iliyokauka vizuri nayo haiozi.